Ukuta wa Bausher Uliosema Kiswahili

Juzi mjukuu wangu Muna kaniletea simu yake nitazame picha. Nyumba ya shamba huko Italia, ghorofa mbili, kuta zina rangi ya mkate uliookwa vizuri, mizabibu imetambaa mpaka madirishani. Muna anasomea usanifu wa majengo, yuko mwaka wa pili. Akanambia, "Bibi, tazama walivyoitengeneza. Ilikuwa gofu hii! Sisi huku tuna nini cha namna hii?"

Nikamwambia aniletee chai kwanza, maana nilihisi hasira inapanda, na mimi nikiwa na hasira sisemi vizuri. Chai ilipofika hasira ilikuwa ishatoka, nikaanza kucheka. Kosa si la mtoto. Mimi ndiye niliyefanya kazi ya kutengeneza majumba ya kale katika mji huu wa Maskati zaidi ya miaka thalathini, kisha nikastaafu, nikajikalia kimya hapa mtaani Azaiba kama mtu aliyekuwa akiuza vitambaa. Basi Muna na wenzake wa darasani wameniomba niandike, na nnaandika. Lakini nitaandika kama nnavyosema. Mkitaka sura ya kwanza na sura ya pili, vitabu vimejaa maktabani.

Nianze na aibu yangu, ili msije mkadhani mnasomeshwa na mtu aliyezaliwa anajua.

Ofisi yetu ilikuwa Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya duka la mashine za kushonea. Mimi nilikuwa mchora ramani, msichana niliyeletwa na wazee wangu kutoka Unguja, na Kiarabu changu bado kilikuwa kinachechemea. Siku moja wakanituma Maskati, mji mkongwe, nikasimamie ukuta wa nyumba iliyokuwa ikitengenezwa. Fundi mkuu alikuwa Ustadh Hilal, mtu wa ndani huko milimani, mwembamba, ndevu zimejaa vumbi la chokaa hata hujui zipi nyeupe kwa umri na zipi kwa kazi. Akanambia kwa Kiarabu chake, "Ya bint, kesho asubuhi nataka saruji."

Basi! Nani asiyejua saruji? Nikapiga simu mwenyewe, na asubuhi lori likashusha mifuko mpaka njia ikazibika. Nikasimama pembeni nnajiona kweli kweli.

Ustadh akaizunguka ile mifuko mara mbili. "Hii nini?"

"Saruji, Ustadh."

"Hii simiti."

"Ndiyo. Saruji."

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda juu ya gari. Kumbe, wanangu, neno ni moja na vitu ni viwili. Saruji ya Waomani ni udongo wa shambani. Hukandwa ukafanywa kama mikate, ukaanikwa juani, ukapangwa juu ya magogo ya mitende ukachomwa siku nyingi, kisha ukapondwa na kuchanganywa na chokaa. Sisi watu wa pwani tulilichukua neno tukalipachika mfuko wa dukani.

Hakunigombeza. Ilikuwa afadhali angenigombeza. Alichukua mfuko mmoja, mingine akairudisha, akaniambia nipige lipu kwa mkono wangu mwenyewe vipande viwili vya ukuta nyuma ya nyumba: kimoja kwa simiti yangu, kimoja kwa saruji yake. "Njoo uvitazame baada ya mwaka," akasema. Nilidhani anatania. Baada ya mwaka akanipigia simu nije. Kipande cha simiti kilikuwa kimevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Nilipokigusa kikaanguka chote, na nyuma yake mawe yameota chumvi nyeupe, yanamomonyoka kama biskuti. Cha pili kilikuwa pale pale, kimya, kigumu. Ukuta wa mawe na udongo hunywa maji na huyatoa. Ukiufunga kwa simiti, maji yatabaki ndani pamoja na chumvi yake, na kazi yao huko ndani ni kuubomoa.

Siku hiyo ndiyo niliyoacha kuwa mchora ramani tu. Nikamwomba Ustadh anifundishe, na somo la kwanza alilonipa lilikuwa kulamba ukuta.

Msicheke. Unachagua mahali penye alama ya unyevu, unagusa kwa ncha ya ulimi. Ikiwa chumvi kali, maji yanapanda kutoka chini, tazama msingi. Ikiwa hakuna ladha, maji yanashuka kutoka juu, panda ukatazame dari. Nimelamba nusu ya majumba ya kale ya mji huu. Marehemu mume wangu alikuwa akiniuliza nikirudi nyumbani, "Leo umekula wapi?" Siku hizi mna vyombo vya kupima unyevu, mnabonyeza tu namba inakuja. Vizuri sana, vitumieni. Lakini chombo kikiishiwa betri, ulimi mnao.

Sasa niwaambieni habari za Bausher, maana hii ndiyo nyumba ambayo nikiulizwa siku ya mwisho nilifanya nini duniani, nitaitaja baada ya watoto wangu.

Zamani, joto la Maskati lilipokuwa halivumiliki, matajiri walikimbilia mashamba ya mitende. Mfanyabiashara mmoja alijenga nyumba ya ghorofa Bausher, chini ya mlima, katikati ya mitende na milimau, karibu na falaji, yaani ule mfereji wa kale unaoleta maji shambani. Mkewe, Bi Zuwena, alimtoa Unguja. Walipokufa, watoto wao wakahamia mjini, nyumba ikapangishwa, na wapangaji wa mwisho walifuga mbuzi ghorofani. Ndiyo, ghorofani. Mbuzi wanapenda kupanda.

Aliyeniita mimi ni Bi Thuraya, mjane wa mjukuu wa yule mfanyabiashara. Na yeye wa Unguja kama mimi, kaletwa Oman bibi harusi. Alikuwa akiishi Azaiba kwa mwanawe Faisal, katika nyumba ya marumaru yenye vyumba ambamo hakuna aliyewahi kulala. Kila akija kwangu neno lake moja: "Bi Raya, ile nyumba isianguke mimi nnaiona."

Faisal si mtu mbaya, nisimsingizie. Ni mtu wa hesabu za biashara tu. Alikuwa na ripoti ya mhandisi wake inayosema ukuta wa magharibi wa ghorofa ya juu umepasuka, hauaminiki, ghorofa yote ishushwe. Akanambia kwa adabu, "Bi Raya, ghorofa ikishushwa kinachobaki ni zizi. Bora nijenge mafleti nimalize. Nakupa mpaka mwisho wa baridi. Ukinionesha kuwa ukuta ule utasimama, nyumba itengenezwe. Vinginevyo, usimpe mama matumaini."

Nikamchukua Ustadh Hilal, ambaye kufikia hapo alikuwa mzee wa kupandishwa ngazi huku nimemshika kiwiko, na nikamchukua Mutua.

Mutua ni Mkenya, Mkamba wa Machakos, fundi seremala. Alikuja Oman kufanya kazi ya milango ya hoteli, nikamwiba. Mkristo mwenye imani yake, haanzi kazi bila ya kusali, na mkono wake kwenye mbao sijaupata tena. Yeye na Ustadh walifanya kazi pamoja miaka bila ya lugha. Mmoja Kiarabu, mwengine Kiswahili na Kikamba, na walielewana kwa vidole, miguno na maneno kama ishirini ya kazini. Wakigombana waliniita mimi niwatafsirie matusi, na mimi niliyatafsiri kwa upole.

Ufa wenyewe ulikuwa mkubwa wa kuingia kidole, umeshuka kutoka karibu na dari mpaka kiunoni, umenyooka kana kwamba umepigiwa rula. Tuligandisha vipande vya kioo juu yake kwa jasi, vitatu, kimoja juu ya chengine. Huo ni ujuzi rahisi na uwekeni akilini: ukuta ukisogea hata unywele, kioo kitapasuka. Tukangoja. Mvua zikanyesha, mlima ukamwaga maji, mimi nikawa kila asubuhi nnakwenda Bausher kabla ya ofisi kutazama vioo. Vyote vizima.

"Ukuta hausogei," Ustadh akasema, "lakini umepasuka. Kwa nini?" Akawa hana raha. Alikuwa amesoma kuta maisha yake yote na ukuta huu haukumjibu. Na mhandisi hatakubali vioo vitatu kama jibu. Wiki zikaenda, baridi ikaanza kuaga, na mimi nikaanza kukwepa simu za Bi Thuraya.

Siku moja nilikuwa ofisini Ruwi, nnabishana na mtu wa mbao. Simu ikalia. Mutua.

"Mama Raya, wacha kila kitu, kuja. Hii ukuta inaongea Kiswahili."

"Umepigwa na jua, Mutua?"

"Haki ya Mungu. Kuna mtu ameandika hapa. Amesema ametubu." Akashusha sauti. "Na Mama... amekula baba yake."

Sijui nilifikaje Bausher. Nakumbuka tu nimeiacha gari mlango wazi.

Nikawakuta wawili hao ghorofani, wamekaa mbele ya ukuta kama watu walio matangani. Ilikuwa hivi. Walikuwa wanabandua lipu ya juu upande wa kushoto wa ufa, na chini yake ikatokea lipu ya zamani zaidi, ya chokaa, ina maandishi yaliyochorwa kwa msumari wakati chokaa bado mbichi. Herufi za Kiarabu, na irabu zake zote, kama wanavyoandika watoto wa chuo cha Kurani. Ustadh akaanza kusoma. Herufi anazijua, lakini maneno hayamjii. Akadhani ni Kifarsi. Akasoma kwa sauti, polepole, herufi moja moja, na Mutua juu ya ngazi akasimamisha nyundo.

Mutua hajui hata alifu. Lakini alichosikia kilikuwa Kiswahili.

Mmeona? Mmoja anasoma haelewi, mmoja anaelewa hajui kusoma. Walikaa hivyo saa nzima, Ustadh anasoma, Mutua anashtuka, Ustadh anamwuliza kwa mikono, "Nini? Nini?", na Mutua anakataa kumwambia kwa kuona haya.

Nikainama nikasoma. Mstari wa juu: *Mimi Juma bin Makame, fundi wa Unguja.* Mtu wa kwetu! Mstari wa pili ulianza *nimitubu* kisha umefunikwa na lipu. Mstari wa chini kabisa: *tunakula baba mwezi wa tatu huu.*

"Umeona?" Mutua akaninong'oneza. "Tena kwa miezi mitatu."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kiarabu hakina herufi ya *p*, wanangu. Watu wetu wa zamani wakitaka kuandika *p* wengi wao waliweka *b*, na msomaji ajijue. "Si baba, Mutua. Papa! Samaki! Anasema wanakula papa mwezi wa tatu huu. Analalamika chakula!"

Mutua akakaa chini. "Mimi nimekuwa nikimwombea huyu mtu tangu saa nne," akasema, kisha akaanza kucheka yeye, machozi yakamtoka. Ustadh akadai aelezwe. Nikamweleza. Hakucheka hata kidogo. "Papa ana ubaya gani?" akauliza.

Lakini ule mstari wa pili ulikuwa haujakwisha. Nikatafuta mswaki na kijiti cha mianzi, nikapiga magoti. Huo nao ni ujuzi: kitu kilichoandikwa hakibanduliwi kwa chuma. Unalowesha kidogo, unangoja, unasugua kwa mswaki, unaondoa punje kwa kijiti. Mgongo uliniuma, adhuhuri ikaingia, Ustadh akaenda kusali akarudi, Mutua akanishikia taa. Herufi zikatoka moja moja. Haikuwa *nimetubu*, maana Kiarabu hakina *e* wala *o*, waliandika *i* na *u*. Ilikuwa *nimetoboa*. Nikausoma mstari wote kwa sauti:

"Nimetoboa dirisha hili kwa ombi la bibi. Bwana kasafiri, hajui."

Tukatazamana.

"Dirisha gani?" Mutua akauliza.

Mbele yetu palikuwa na ukuta mtupu na ufa wake. Nikamtafsiria Ustadh. Akasimama bila ya kushikwa na mtu, akausogelea ukuta, akaanza kuugonga kwa fundo za vidole kutoka kwenye ufa kwenda kulia. Ndu, ndu, ndu, sauti ya uwazi, kama debe lililojaa nusu. Akaendelea. Kiasi cha hatua mbili mbele, sauti ikabadilika, ikawa nzito. Akapiga mstari pale kwa ukucha. Mutua akabandua lipu mahali hapo, na ufa wa pili huo, umenyooka kama wa kwanza.

Ustadh akaegemeza paji la uso ukutani. "Nimezeeka," akasema. "Nimetazama miezi mitatu na sikuona." Halafu akanigeukia akanambia jambo ambalo nnakupeni kama alivyonipa. Ufa wa mshazari, msingi umeshuka. Ufa ulionyooka wima ni kazi mbili zilizokutanishwa bila ya kushikana. Ukuta wa Bausher haukuwa umepasuka. Mtu aliliziba dirisha kwa kifusi, hakuyafungamanisha mawe mapya na ya zamani, na kifusi kilijitenga na ukuta zamani kisha kikatulia, basi. Ukuta wenyewe ni mzima.

Lakini kulijua jambo si kulionesha. Nikampigia Faisal nikamwomba ruhusa ya kuzibua dirisha. Akanijibu, "Bi Raya, mhandisi kasema ukuta ule usiguswe. Ukiuzibua na dari ikaja chini, nani atajibu?"

"Mimi."

"Kwa maandishi?"

"Kwa maandishi."

Nilitia saini na niliogopa, nisiwaambieni uongo. Kama Juma wa watu alidanganya, au kama boriti ya juu ya dirisha imeoza, basi nimeibomoa nyumba ya Bi Thuraya kwa mkono wangu na jina langu liko chini ya karatasi. Tukaweka nguzo za kuishikilia dari, Mutua akazipima kwa timazi kila siku mpaka Ustadh akamwambia kwa ishara kuwa hata mkewe hakupimwa hivyo. Siku ya kuzibua, Bi Thuraya alikuja na Faisal. Tukamwomba abaki ndani ya gari. Alipanda ngazi kabla yetu.

Mutua akatoa jiwe la kwanza juu, pembeni. Akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa, uso wake umegeuka kwetu, macho kafumba.

"Boriti iko," akasema. Akaigonga. Ikalia kama kengele. "Ni boriti ya kwenu pwani, Mama. Ya mikoko. Nzima kabisa!"

Nikamkumbatia Bi Thuraya, naye hata hakuwa amefahamu bado ni kwa nini.

Kifusi kikatoka: mawe, vigae, birika la kahawa lisilo na mdomo, kandambili moja, na mavi ya mbuzi makavu kiasi cha kutosha kurutubisha shamba zima. Ndipo tulipojua nani kaliziba. Wapangaji, mbuzi wasianguke. Jiwe la mwisho la upande wa nje lilipotoka, mwangaza ukaingia wote kwa pamoja, na ndani yake mitende, na chini ya mitende falaji inapita, na sauti ya maji ikaja chumbani wazi kabisa. Chumba kile nilikuwa nimekiita kwenye ramani yangu "ghala".

"Mama mkwe alikuwa akisimulia," Bi Thuraya akasema, "Bi Zuwena mwaka wa kwanza alilia kila siku, anataka kurudi kwao. Mwaka wa pili mumewe akamwambia haya, nitakurudisha. Akakataa kuondoka. Hatukujua kwa nini."

Faisal alikuwa mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. "Na babu mkubwa aliporudi safari? Alifanya nini kwa fundi?"

Hilo aliyeandika hakuliandika. Lakini Ustadh Hilal alikuwa ameshaingia ndani ya dirisha. Ukuta ule ni mnene, na kila upande wa dirisha Juma alijenga kibaraza kidogo cha kukalia, vinatazamana, na juu yake nakshi za chokaa nzuri kuliko za sebuleni. Ustadh akavifuta vumbi kwa kiganja, polepole, kimoja kisha cha pili. Akaniita niguse. Saruji ngumu kama ile hailiki kwa mwaka wala miwili. Na ilikuwa imelika, imefanya shimo la kukaa mtu, laini kama bakuli. Upande mmoja shimo jembamba. Upande wa pili shimo pana.

"Wamekaa wawili," Ustadh akasema. "Miaka na miaka."

Nikatafsiri, ingawa Faisal Kiarabu anakijua kuliko mimi. Nilitaka kulisema mwenyewe.

Faisal akatia ufunguo mfukoni. Akaja, akaketi upande ule mpana, taratibu, kama anayeogopa kuuvunja. Mama yake akaketi upande wa pili. Magoti yao yakakaribia kugusana. Wakakaa wakitazama nje, na sisi tukajifanya tuna kazi nyingi sana na nguzo za Mutua.

"Bi Raya," akaniita baadaye, bado anatazama nje. "Ichore. Yote. Juu na chini."

Ilituchukua miaka miwili. Tulichoma saruji pale pale shambani, jirani wakalalamika moshi, Bi Thuraya akawapelekea halua wakanyamaza. Wakati wa joto tulipiga lipu alfajiri tu, baada ya sala, na ikifika saa tatu tunaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji, maana chokaa ikikauka haraka inakuwa unga. Nilifanya makosa mengine, sitayataja yote. Moja tu: nilitaka kuvisawazisha vile vibaraza vya dirishani, viwe vipya kama vilivyojengwa. Nilikuwa nishakoroga. Ustadh akaniondolea mwiko mkononi. "Unataka kuwafukuza?" akaniuliza. Kwa hiyo nnakuombeni, mkija kutengeneza nyumba ya watu, kabla ya kufuta alama yoyote jiulizeni nani kaiacha na alikuwa anafanya nini. Zipo alama za uharibifu na zipo alama za maisha, na kwa kompyuta zinafanana.

Ustadh aliiona nyumba imekamilika, Mungu amrehemu. Mutua bado yuko, ana karakana yake mwenyewe sasa, nendeni mkamsalimie, ila msimpe nafasi ya kuwasimulieni habari hii, anajitia yeye ndiye aliyesoma.

Siku ya kufungua ilikuwa Ijumaa. Faisal alileta mahema ya kivuli na viti vya kukodi, jamaa walikuja kutoka kila upande, Waarabu, Waswahili, rafiki zake Mutua wa kanisani na wake zao wamevaa vitenge, watoto wakavua kanzu wakajitosa kwenye falaji na mama zao wakapiga kelele bure. Yule mhandisi aliyeandika ripoti naye alikuja. Alizunguka, akagonga ukuta, akanishika mkono akanambia, "Umenifundisha." Nikamwambia mimi pia nilifundishwa, na sahani ya wali ikatupita sote wawili tukaifuata.

Alasiri wageni wakaanza kuondoka. Faisal akapanda juu kumchukua mama yake, mimi nyuma yake nnachukua mkoba wangu. Tukamkuta chumbani kwa Bi Zuwena. Viatu kavua, kavipanga ukutani. Kitandani, kitanda ambacho hatukujua kimeingia saa ngapi, kumetandikwa shuka. Kabatini nguo zake zimetundikwa. Kumbe siku tatu hizo amekuwa akihamisha vitu kidogo kidogo kwa gari ya dereva, na sisi tumeshughulika na mahema.

"Mama, twende," Faisal akasema. "Azaiba foleni itakuwa kubwa."

Bi Thuraya alikuwa anakunja mtandio wake. Hakuinua hata uso.

"Nende wapi tena?" akasema. "Mimi nshafika."